Nesi Aliyeitwa Jina

Mimi ndiye karani niliyemkalisha mgeni wetu kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hata leo naona haya.

Uhuru ulikuwa bado mbichi hapa Kakamega, nami niliapa kila mgeni afikaye hospitalini nitamhoji kwa Kiswahili tu. Siku hiyo akaja mwanamke niliyemdhani Mchina, amebeba sanduku.

"Jina?" nikamuuliza.

Uso ukamchangamka. "Jina!" akajibu.

"Nauliza, jina lako nani?"

"Jina," akasema, akijigusa kifuani.

Nikaona ananidhihaki. "Mama, wacha mchezo! Kaa pale!" Akaketi, tabasamu limemwisha. Kitabuni nikaandika: Amekataa kutaja jina.

Adhuhuri matroni akapita, akamwona, akamkumbatia. "Jina! Nesi wetu kutoka Korea!"

Wakazungumza kwa Kiingereza, kisha matroni akanigeukia polepole.

"Bwana karani, kwao wasichana huitwanga Jina. Maana yake ni kitu cha thamani na kizuri. Anasema ulipolitamka alifurahi sana. Alidhani huku ugenini kuna mtu aliyekuwa akimngojea."