Mgeni Aliyeuliza Nani Atapiga Obokano

Nilipomaliza darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikuendelea na masomo. Nilibaki nyumbani, upande wa Nyacheki, nikichunga ng'ombe wetu na kupalilia chai changa ya baba. Nilikuwa kijana mwenye haya. Wageni wakija, nilipitia nyuma ya nyumba. Mahali pekee nilipokuwa na sauti ni kwenye obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane ambalo baba alilipiga arusini. Alikuwa akinifundisha jioni, tukishakama ng'ombe. Nyuzi tano nilikwisha kujua kuzikaza. Tatu zilikuwa bado. Nilitaka kuwa mpigaji kama yeye, lakini zaidi nilitaka baba aseme hivyo mbele ya mtu.

Jumapili moja alikuja mgeni kutoka chuo kimoja cha Nairobi. Hakutaka nyimbo. Alikuwa akizungukia wachonga mawe, wasusi wa vikapu na wapigaji, akiwauliza kazi zao zitakuwaje miaka ishirini ijayo, na ni mambo gani yatakayozibadilisha. Baba alijua Kiswahili tangu alipofanya kazi mashamba ya chai ya Kericho, kwa hiyo walizungumza wenyewe. Safari hii sikupitia nyuma. Niliketi.

"Kumbe wewe ni mpiga ramli," baba alimwambia. "Wa kwetu huanza kwa kudai kuku."

"Kuku wako wamepona, mzee. Mimi ni wa kuuliza tu."

Baba alicheka, akajibu vizuri. Kwanza alitaja santuri. Mfanyabiashara mmoja wa Daraja Mbili alikuwa na gramafoni ya betri, akiikodisha kwa wenye arusi. "Na hiyo haiombi pombe wala haisinzii," baba alisema. Kisha kanisa, akimwonyesha mama kule jikoni kwa kidevu, kwa sababu mama ni Msabato na hakupenda chombo kinachokwenda pamoja na pombe. Halafu akataja jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo: chai.

"Tumepanda chai mpaka mlangoni. Malisho yamekwisha. Ng'ombe wakiisha, ngozi ya kuwamba obokano nitaitoa wapi? Nitawamba majani ya chai?"

Mgeni aliandika haraka, amefurahi. Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomponza, au pengine kwao si kosa.

"Na wewe mzee, ukishaondoka duniani, nani atapiga?"

Kwetu mtu haulizwi hivyo usoni. Kumtaja atakayeshika kitu chako ungali mzima ni kukiita kifo kwa sauti. Baba aliacha kucheka.

"Umeniona naumwa?"

"Hapana, mzee. Tunafikiria mambo ya mbele tu. Huyu kijana je? Si mwanao?"

Nilitazama chini. Swali lilikuwa baya, lakini nilitamani jibu lake.

"Huyu hapigi," baba alisema.

Mama alitoka jikoni, akamgeukia mgeni. "Mwanangu, chai yako inapoa. Kunywa uende, mvua ya huku haingojei mtu."

Mgeni alipokwisha kwenda, mama aliniona nilivyokaa. "Ulitaka aseme nini?" aliniuliza. "Aseme ni wewe, ajichimbie kaburi?" Nilielewa. Hata hivyo, neno lile la baba lilinikaa moyoni.

Nilidhani litapita. Jioni ile nilileta kigoda, baba akasema amechoka. Kesho yake alikwenda kwa jirani. Ilipofika arusi, alibeba obokano mwenyewe, na zamani mzigo ule ulikuwa wangu. Polepole nikaona jambo lilivyo: kunifundisha sasa kungekuwa ni kumjibu yule mgeni. Aliandika santuri, akaandika kanisa, akaandika chai. Sidhani kama aliandika swali lake mwenyewe.

Mwisho nilijikaza. Baba alikuwa akitia mpini kwenye jembe.

"Tata, uzi wa sita unakazwa vipi?"

Hakuinua kichwa. "Kamuulize mgeni wako."

Hakuwa mgeni wangu, lakini sikuthubutu kusema. Wiki ile ile nilikwenda Itumbe kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha chai, na nikakipata. Mama alifurahi. Baba aliniuliza kama wanatoa viatu.