Fundo la Kikwembe cha Mama Kavira

Mama Kavira hakuwahi kukosa mkutano wa siasa hata mmoja hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, na nasema hivyo kwa kumlaumu, si kwa kumsifu. Alipokuwa msichana, enzi za chama kimoja, alicheza mbele ya wakubwa waliotoka mbali. Vyama vilipokuwa vingi, akaviimbia vyote. Sanduku lake limejaa vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, vyenye nyuso za wagombea, wengine wameshakufa, na namba zao za karatasi ya kura anazikumbuka kuliko ninavyokumbuka zaburi. Nilimtania mara nyingi kwamba siku akifika mbinguni atamuuliza Mungu namba yake ni ngapi. Alicheka tu. Alisema asiyependa siasa atakula vilevile, ila atakula walichomwachia wenzake.

Mimi ni Vital, mwalimu mstaafu, na ua wangu umepakana na wake huku mtaa wa Nyakasanza. Siasa sikuipenda jana wala leo. Lakini mwaka ule wa kampeni, 2023, nilijikuta nikiungoja mkutano kuliko yeye, kwa sababu ya Katsuva.

Katsuva ni mwanawe wa pekee. Aliondoka kupeleka sabuni na nguo kwa wachimbaji wa dhahabu wa Kilo, gari likasimamishwa njiani na watu wenye silaha, akaingizwa porini pamoja na wengine wanne. Wiki ya tano mmoja wao alitoroka, akatuambia Katsuva yu hai, anabebeshwa mizigo, na mguu wake mmoja umevimba vibaya. Tulibisha hodi kila ofisi. Kila ofisi iliandika jina, ikatuambia tungoje.

Ndipo zikaja habari za Honorable Floribert, mgombea namba kumi na mbili, numéro douze kama tunavyosema huku. Ilisemekana ana watu wanaosikilizana na wale wa porini, na kwamba mama mmoja wa avenyu ya pili alimpa karatasi yenye jina la mwanawe mkononi, na baada ya siku tisa mtoto akarudi. Mkononi, walisisitiza, maana karatasi ukimpa msaidizi inaishia mfukoni. Kweli au uongo, sisi hatukuwa na kingine.

Barua niliiandika mwenyewe, mistari sita: jina, umri, mahali, ule mguu. Mama Kavira akaiviringisha kwenye nailoni, akaifunga kwenye pindo la kikwembe chake cha juu, fundo la kubana, mahali ambapo mama zetu huweka kitu wasichotaka kukipoteza.

"Mama Kavira, leo usiimbe," nilimwambia. "Leo weye ni mama ya Katsuva tu."

Akaitika. Séphora, mke wa Katsuva, alibaki nyumbani na mtoto wao mchanga, ambaye Mama Kavira ndiye koko yake, bibi yake, redio imewashwa, kwa kuwa mkutano ulikuwa unatangazwa moja kwa moja. Alitaka kusikia jina la mumewe likitajwa.

Kiwanja kilijaa tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa tope tupu. Wanawake walipomwona Mama Kavira walimsukuma mbele, kwenye nafasi yake ya siku zote, na mimi nikafurahi kama mjinga, nikidhani njia imefunguka. Honorable aliposhuka garini ngoma zikapamba moto, na wanawake wakaanza kumtandikia vikwembe vyao apite juu, kama tunavyompokea mgeni wa heshima. Wa kwanza akatandika, wa pili akatandika. Mazoea yana taabu. Nilimwona Mama Kavira akifungua kikwembe chake cha juu, akakikung'uta mara moja, akakitandaza kwenye matope pamoja na fundo lake.

Nilipiga kelele, lakini nani angenisikia? Polisi walikuwa wameshikana mikono mbele yangu. Honorable akakanyaga kikwembe kile, na hapo hapo, juu ya fundo, akasimama. Alimtazama mama huyu mwenye mvi anayecheza kuliko vijana, akaomba mikro, kile kipaza sauti, akamwekea mdomoni.

"Mama, ninakusikiliza. Unataka nini?"

Kiwanja kikanyamaza. Nilimwona akipapasa kiunoni, na mkono wake haukukuta kitu. Nilimwomba Mungu jina moja tu limtoke, jina alilompa mwanawe yeye mwenyewe, aliloliita kwa sauti kubwa uani miaka yote ya utoto wake. Kisha kifua chake, kilichozoea kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini, kikajaa hewa.

"Numéro?" aliita.

"Douze!" kiwanja kikaitikia.

Akaita tena, machozi yakimtoka, na kiwanja kikaitikia tena. Honorable akacheka, akampigapiga begani, akapanda jukwaani. Alipomaliza kuhutubia alitolewa kwa nyuma, na magari yakaelekea uwanja wa ndege. Mama Kavira aliyakimbilia akiwa ameshika kikwembe chenye matope, mpaka askari akamzuia. Nami nilimkasirikia, sifichi, nilitaka kumwacha pale pale barabarani. Halafu nikaona amepoteza viatu vyote viwili, nikamshika mkono, tukarudi.

Séphora alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mgongoni, redio mapajani imezimwa.

"Mama, nilisikia sauti yako," alisema. "Nikaambia mutoto, nyamaza, koko yako iko anaita papa yako."

Mama Kavira alimpita, akaingia jikoni. Kupitia mlango nilimwona akifungua fundo kwa meno. Karatasi ilikuwa kavu, hata herufi moja haikufutika. Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, akasimama wima, akaita kwa sauti ile ile ya kiwanjani.

"Katsuva?"

Hakuna aliyeitikia. Akaita tena, na sisi wawili tulikaa mlangoni tukimsikiliza.