Leo nimelia mbele ya watoto wa Mlali

Jamani, leo nimelia mbele ya watoto!

Tuko Mlali kwenye utafiti wa vikope, ule ugonjwa wa macho ambao watoto huambukizana na usipotibiwa mwisho wake ni upofu. Kumpima mtoto ni kugeuza kope tu na kuangalia ndani.

Neema, wa miaka minne, akagoma. Akajificha nyuma ya bibi yake.

Nikambembeleza: "Haiumi hata kidogo, mama."

Bibi akanitazama. "Kama haiumi, mwanangu, si uanze wewe?"

Watu wakacheka. Nikakaa kwenye benchi kwa madaha, mwenzangu Asha akanigeuza kope.

Weee! Niliruka, machozi yakanitiririka. (Na koti langu jeupe la utabibu nimelivaa!)

Nikajua basi, leo hatupimi mtu.

Kumbe Neema anakuja mwenyewe. Akanishika mkono.

"Pole anko, usilie. Sasa mimi."

Akatulia tuli. Asha akaona dalili, ila za mwanzo kabisa. Dawa kainywa papo hapo, na kijiko akakilamba.

Bibi yake, ambaye jicho moja vikope vimeshalichukua, alimkumbatia huku anacheka.

Nani mwingine amebembelezwa na mtoto aliyekwenda kumbembeleza? Semeni, nisijione peke yangu!