Samaki wa Juu ya Tenga

Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kupima samaki. Kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, natoka Lipangalala kwa baiskeli hadi mwaloni, pale wavuvi wa mto Kilombero wanapoegesha mitumbwi, nikiwa na daftari, mzani na ubao uliochorwa mistari ya sentimita. Napima samaki ishirini kutoka kila tenga, kama wanavyokuja mkononi, bila kuchagua. Hiyo ndiyo sheria, na nilifundishwa siku ya kwanza na daktari wa mradi unaofuatilia kama samaki wa mto huu wanapungua, mtaalamu wa mito ambaye mpaka leo ndiye bosi wangu.

Sheria ya pili ni kutokosa siku. "Takwimu za mwaka mmoja ni hadithi," daktari hupenda kusema. "Za miaka mingi ndizo ushahidi." Shida ni kwamba wafadhili hutoa fedha kwa miaka mitatu tu. Ikiisha, tunaandika andiko jipya na kuomba upya kama watu ambao hatujawahi kuonana, na wao kitu cha kwanza wanachotafuta kwenye daftari ni pengo. Kwa hiyo sijaacha pengo. Mama yangu alipofariki Malinyi, nilimwachia daktari daftari kwa siku mbili, nikamzika, nikawaachia ndugu zangu matanga, kesho yake nikapanda basi la kwanza kurudi. Dada yangu hajanisamehe. Kila msimu ananiita nirudi tulime mpunga pamoja, nami namjibu: baada ya awamu hii. Nimeshamjibu hivyo awamu tatu. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mimi kamba ninayo, majani ndiyo siyaoni.

Kiangazi kilichopita nilipata lifti ya pikipiki, nikafika mwaloni mapema kuliko kawaida. Mke wa mzee mmoja mvuvi, ambaye ndiye anayeuza samaki wa mumewe, alikuwa amechuchumaa mbele ya tenga. Wadogo alikuwa amewaweka chini, akawafunika kwa majani, na sasa alikuwa anawapanga wakubwa juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo mapema?"

"Unafanya nini?"

"Nakuandalia samaki wako wa kupima."

Nilimuuliza ameanza lini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Tangu ulipotuambia mwenyewe. Na si mimi tu, wote tunakuandalia."

Hapo nikakumbuka. Mwezi wangu wa kwanza pale walinishushia tenga la perege wadogo wadogo, nami kwa utani nikawaambia: mkiniletea vidagaa hivi, wakubwa wangu wa kazi watasema mto umeisha, na kibarua changu kitaota nyasi. Tulicheka wote. Mimi nikasahau. Wao hawakusahau. Walinionea huruma, binti wa watu asije akafukuzwa, na kwa miaka yote hiyo wakawa wananitengea wazuri. Tena iliwafaa na wao, kwa sababu samaki wadogo wanatoka kwenye nyavu za macho madogo, na hizo zikikamatwa zinachomwa moto. Labda nilipaswa kushtuka zamani. Labda sikutaka kushtuka.

Nilimwambia daktari siku hiyo hiyo. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mwalo mzima, Daktari. Tuliokuwa hatujui ni wawili tu."

Hakucheka. Akaniambia mfadhili anakuja wiki ijayo kuamua kama awamu nyingine ipo. "Ukisema, miaka tisa inakuwa karatasi za kufungia maandazi. Usiposema, grafu yetu inaonyesha samaki hawajapungua. Wafadhili wameshaniandikia kuuliza kwa nini waendelee kulipia mto usio na tatizo."

"Sasa nifanyeje?"

"Endelea kupima."

Nilimchukia siku ile, nikamchukia na yule mama aliyenipenda hivyo, halafu nikajichukia mwenyewe, na kesho yake asubuhi nikaenda kupima. Wiki nzima nilipokea samaki wa juu ya tenga nikiwa najua walivyofika juu. Nilipompigia dada yangu sikumwambia chochote. Ningemwambia nini? Kwamba niliacha matanga ya mama kwa ajili ya daftari la uongo?

Mgeni wa mfadhili alikuja, mama mpole aliyevaa mabuti mapya, akaomba aone kazi inavyofanyika. Yule mzee mvuvi alileta tenga lake mwenyewe. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Perege walikuwa juu, wapana, wakiwa bado wanang'aa maji, na mzee aliniinamia akasema polepole, "Leo tumekupangia wazuri hasa."

"Unaanza na yupi?" mgeni aliuliza, na daktari akanitafsiria.

"Yeyote anayekuja mkononi," nilisema.

Nikapitisha mkono pembeni mwa tenga, chini ya wale wazuri, nikasikia majani, nikayapita. Nilichomoa perege mfupi kuliko kidole changu cha kati, nikamlaza juu ya ubao. Mgeni akainama kumtazama. Daktari alikuwa anaangalia maji. Mzee hakusogea, alibaki ameshika mdomo wa tenga, na aliponisemesha alishusha sauti ili nisikie mimi peke yangu.

"Tumekukosea nini, mwanangu?"

Niliandika sentimita sita, kisha nikarudisha mkono chini ya majani kumtafuta wa pili.