Pasi ya Mzee na Mkwewe

Siku baba mkwe alipochoma banda lake la mpunga, watu wa Chimala walisema mzee ana hasira. Siku aliyoingia jikoni kwangu, akakalia kigoda changu na kuniomba chumvi, ndipo waliposema amepata wazimu.

Mimi ni mtu wa Ilula. Nilipoolewa na Mnyakyusa nilifundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa kisima, kwamba mimi na baba wa mume wangu hatuonani. Nikisikia kikohozi chake njiani niache njia, nichuchumae majanini na kujifunika kanga mpaka apite. Naye akijua nipo, anageuza uso. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na mwanamke anayeishika vizuri husifiwa ukoo mzima. Kwetu Ilula mkwe tunampelekea maji ya kunawa na kumwuliza habari za shamba, kwa hiyo mwanzoni niliona huu ni usumbufu mtupu. Lakini mwacha mila ni mtumwa, na mimi utumwa sikuutaka. Nikachuchumaa kama wenzangu.

Alipougua walimfunga mguu kwenye gogo nyuma ya ghala ili asizurure. Nililichukia gogo lile kuliko ugonjwa. Mume wangu alikuwa Makambako kwenye kazi ya reli, na mama mkwe alikuwa amevimba miguu, hawezi safari. Afisa ustawi alipotoa pasi ya basi ya kwenda hospitali Mbeya kuchomwa sindano ya kila mwezi, mgonjwa na msindikizaji mmoja bila nauli, aliuliza ni nani anayempikia mzee. Akaambiwa ni mimi. Hakuwa mtu wa huku, akaandika jina langu na kuona shauri limekwisha. Mjumbe wa nyumba kumi akakubali mzee afunguliwe, kwa sharti kwamba akikosa sindano hata mara moja, anarudi gogoni.

Safari za kwanza mzee hakukumbuka kabisa kuwa mimi ni mkwewe. Alikaa nami bega kwa bega, na wanawake wa Kinyakyusa mle ndani ya basi wakainamisha macho kwa aibu ambayo mimi pia niliiona. Yeye hana habari. Alinimenyea muwa kwa meno yake, akanisimulia ng'ombe wake wa zamani mmoja mmoja, nani mvivu, nani mwizi wa mahindi, akaniita mwanangu. Akicheka, kishimo kinamwingia shavuni, kilekile cha mume wangu, na mpaka siku hiyo sikujua mume wangu alikitoa wapi. Baba yangu mzazi hakuwahi kuzungumza nami hata nusu ya maneno yale. Aibu ikapungua. Nikaanza kuingoja siku ya sindano kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

Sindano zikafanya kazi yake. Asubuhi moja mama mkwe alijikongoja na mumewe mpaka stendi, nami nikafika nyuma yao. Mzee aliponiona tu aligeuka ghafla, akaupa ukuta wa mgahawa uso wake na kujivutia kofia machoni. Nilichuchumaa nyuma ya magunia ya mpunga, nikajifunika kanga, nikalia kwa furaha. Alikuwa amejua mimi ni nani.

Kondakta alikuja na pasi mkononi, akamtazama mzee aliyekabili ukuta, akanitazama mimi niliyejificha kwenye magunia.

"Sasa hapa mgonjwa ni nani?"

"Ni mzee, kaka."

"Pasi inasema mkae kiti kimoja. Huyu hataki hata kukuona. Mgonjwa aliyechachamaa mimi sibebi."

"Hajachachamaa. Amepona."

"Kama amepona, pasi ya nini?"

Dereva alishawasha gari, na basi jingine la kutupokea kwa pasi ile halikuwepo siku hiyo. Nililiona gogo lile mbele ya macho yangu.

Mama mmoja wa Kinyakyusa, mfanyabiashara wa mpunga, ndiye mwenye magunia niliyojifichia. Alimsogelea kondakta. "Wee kijana, huyu mkwe wake. Ungemwona anakaa naye anacheka, hapo ndo uogope." Kisha akapanda, akafungua kitenge chake cha pili na kukitundika katikati ya kiti, ncha moja kwenye chuma cha juu, nyingine akaikalia mwenyewe kwenye kiti cha nyuma yetu. Mzee akawekwa dirishani, mimi upande wa pili wa kitenge. Kondakta akainama kuhakikisha kiti ni kimoja, akatikisa kichwa, akapiga bati basi liondoke.

Tulipopita Igurusi mzee alikohoa, akamwambia yule mama, "Mwambie mtoto wa watu, ndaga. Nasikia nimemsumbua." Ndaga ni asante. Mama akanirudishia maneno yote ingawa nilikuwa karibu na mzee kuliko yeye. Nikamwambia amwambie baba hakuna neno. Nilikuwa na mengi mengine, lakini hayakuwa ya kupitishia kwa mtu.

Hospitali, daktari aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia, "Ananikimbia, daktari, tunashukuru." Alinitazama kwa wasiwasi mkubwa, na nadhani alikuwa anafikiria kunifungulia faili na mimi. Muuguzi, mtu wa Tukuyu, ndiye aliyecheka na kumweleza. Daktari akalikata jina langu kwenye pasi na kuandika "ndugu yeyote wa kiume".

Mwezi uliofuata mzee alisindikizwa na binamu yake. Wanawake walinipongeza kwamba nimemrudisha mzee kwenye heshima yake, nami nikaitikia vizuri, kisha nikaenda kulia peke yangu. Nilikuwa nimempata baba kwa miezi michache, na sasa nilikuwa na mkwe. Lakini kila siku ya sindano niliamka kabla ya wote kumpikia chakula cha njiani, asije akachelewa basi, akakosa sindano, akanirudia.