Mimba ya Kwanza na Kimbunga cha Ngazija

Mume wangu alisomesha jiografia katika skuli za Unguja mpaka akastaafu, na mimi nasema kilichostaafu ni mshahara tu, mdomo bado uko kazini. Ukimpa chai atakueleza mvuke. Ukimwambia paa linavuja atakueleza mawingu, na ndoo ya kukingia naitafuta mie. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chembamba hata jirani akipiga chafya unamwambia pole dirishani, kwa hiyo mtaa mzima unaijua sauti yangu nikimgombeza.

Basi vimbunga navijua kama ninavyojua kupika wali, maana nimesomeshwa bila ya kuandikishwa. Bahari ikipata joto sana, tangu mwisho wa mwaka mpaka masika yanapoingia, maji hupanda juu yakawa mvuke. Huko juu mvuke unageuka mawingu na kuliachia joto lake, joto hilo linazidi kuipandisha hewa, na hewa nyengine inakimbilia pale chini kujaza pahala palipoachwa. Kwa kuwa dunia inazunguka, ile inayokimbilia haiendi moja kwa moja. Inapinda, inapinda, mpaka mawingu yote yanazunguka pamoja. Karibu na ikweta kule kupinda ni kudogo, ndiyo maana sisi Unguja vinatufikia kwa nadra. Vyengi vinazaliwa upande wa mashariki ya Madagaska, vinakuja magharibi, kisha hukata kona kwenda kusini. Wanaovipata ni Madagaska yenyewe, Morisi, Msumbiji, na mara moja moja Ngazija, huko Komoro.

Hiyo Ngazija ndiyo iliyonitia roho juu. Mwanetu ni mmoja tu, msichana, naye kaolewa huko huko, mjini Moroni. Akachukua mimba. Kwetu mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mamake, na mimi miezi yote ile nilikuwa mbioni. Chumba nshakipaka chokaa, kitanda nshakitandika, pilipili manga ya uji wa mzazi nshaitwanga, na bibi wa kumkanda nshamuweka. Tikiti yake ilikuwa ya Jumatano. Kwa ukubwa wa mimba ile, akichelewa kidogo ndege isingemchukua tena.

Jumatatu mume wangu akaona kwenye ramani ya hali ya hewa ya simu yake kuwa kimbunga kinajikusanya baharini, kaskazini ya Madagaska. Mwanetu akapiga kuuliza.

"Baba, nije nisije?"

"Usipande ndege na hali hii, mwanangu. Ngoja ya Jumamosi. Kitakata kusini, ndiyo kawaida yao."

Mimi nilikuwa jikoni, nikasema kwa sauti aje tu, lakini nani ananisikiliza? Mtoto wa babake yule. Akangoja.

Ndege ya Jumatano ikatua salama, jua linawaka, abiria wanashuka wakicheka. Na kimbunga hakikukata kona yoyote. Kikaja moja kwa moja kama kilichoalikwa. Alkhamisi mchana mwanetu akapiga, nikasikia upepo kabla sijaisikia sauti yake. "Mama, uchungu umeanza," akasema, "na njia hazipitiki." Nikamwambia amshike mama mkwe wake, asimuache. Sijui kama alinisikia. Simu ikakatika, na baada ya hapo kila tukipiga tunaambiwa haipatikani.

Huku kwetu ilikuwa mvua ya kawaida na madirisha kujibamiza. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, simu mkononi, anaifungua ile ramani, anaifunga, anaifungua. Chakula hakigusi. Ijumaa akarudi kutoka msikitini akakaa pale pale na kanzu yake.

"Sema basi," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Lolote. Nigombeze."

Wallahi sikuweza. Nilikuwa na hasira naye za kumrarua, na papo hapo nnamuonea huruma. Sikujua kama mambo mawili hayo yanakaa ndani ya mtu mmoja. Nikavuta mkeka nikakaa karibu na miguu yake, nikamuuliza, kwani kimbunga kinakufaje?

"Kikiingia nchi kavu kinakufa," akasema. "Kinakosa maji ya moto, na hicho ndicho chakula chake."

"Na Ngazija si nchi kavu?"

"Ni kisiwa kidogo, mke wangu. Kinapita juu yake tu." Akainama, asinitazame.

Jumamosi, saa nne ya asubuhi, simu yangu ikalia. Namba siijui. Nilipoisikia sauti ya mwanangu nilipiga ukelele, nikaiweka simu sauti ya juu tusikie sote. Kazaa! Mtoto wa kike, wote wazima, kazalia ukumbini kwa mikono ya mama mkwe wake na jirani mmoja mkunga. Mungu amlipe yule mama, kanifanyia yangu yote.

"Mama, upepo ulikatika ghafla," akasema. "Jua likatoka. Wote wakasema kimepita, gari hii hapa, twende hospitali. Mie nikaung'ang'ania mlango. Nikawaambia hapa tuko katikati yake, Baba kanifundisha, upepo unarudi kwa upande wa pili. Wakanikasirikia, wakasema uchungu umenipanda kichwani. Mara ukarudi, Mama. Barabara yote ikalaliwa na minazi."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Machozi yanamtoka, na wala hayafuti.

"Baba yupo hapo?"

"Nipo, mwanangu."

"Mtoto bado hajaadhiniwa sikioni."

"Kwa nini? Mumeo yuko wapi, na baba mkwe wako?"

"Wapo hapa. Nimewaomba wasubiri mpaka simu zirudi. Nimewaambia ataadhini babangu."

Mume wangu akaisogelea simu. "Mimi ndiye niliyekwambia usije."

"Najua, Baba. Simu iko kwenye sikio lake la kulia. Haya, anangoja."

Akainuka akaelekea kibla. Nikamshikia simu karibu na mdomo, maana mikono yake kaipeleka masikioni. Akaadhini kwa ile sauti yake ya kusomeshea, sauti ya kufika mpaka dawati la nyuma, na kichochoro kizima kikajaa.

Dirisha la mbele yetu likafunguka, jirani akatoa kichwa. "Jamani, adhana ya saa hizi? Mwalimu kapatwa na nini?"

"Nyamaza weye," nikamwambia huku nnalia, "mjukuu wangu anasikiliza."