Mama Aliposema Nakuja

Juzi sokoni Migori niliona mama akimvalisha mtoto wake ndala mpya, hasira ikanipanda. Mimi pia, nikiwa mtoto, mama alinivalisha hivyo, tukavuka mpaka kwenda likizo Tanzania, kwa dadake mama. Nyumba ilinukia maandazi.

"Msalimie mama mkubwa. Sema shikamoo," mama akaniambia.

Mimi nikasikia "shika", nikamshika mguu. Walicheka hadi soda yangu ikamwagika.

Kisha mama akainuka. "Nakuja, nyathina," akasema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, akatoka. Kwetu mtu anayetoka kidogo huaga hivyo, maana yake anarudi sasa hivi, kwa hiyo sikujali. Nikamwachia andazi moja.

Jioni mama mkubwa akanionyesha kitanda. "Mama yako keshafika kwake, mwanangu. Wewe umekuja kukaa."

Nilikaa miaka minne. Sasa nikitoka, binti yangu namwambia wazi: "Naenda." Akilia, alie akiniona.